Furushi la Alfajiri

3 Februari

Wifi yangu mkorofi,

Hujambo huko uliko, wewe matroni na mabinti zako wa bwenini? Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mama yako hajambo, ila magoti yanamsumbua; ulimi haumsumbui hata kidogo. Jana kaniambia chai yangu imeshakufa, inangoja kuzikwa. Kaka yako bado yuko zamu ya usiku kule kiwanda cha mikate. Anaondoka jua likizama, anarudi limeshapanda, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Yeye analala mchana, mimi nashona mchana, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Cherehani yangu nimeibadilisha mkanda, sasa inakwenda bila kulalamika.

Barua hii isome ukiwa peke yako. Nimempa yule mama wa vitambaa anayetuletea majora, nikamwapisha asimpe mtu mwingine. Simu ya nyumba anashika kaka yako, ndiyo maana naandika kama watu wa zamani.

Nilikwenda kliniki. Nilidhani kichwa kinaniuma kwa kushona kwenye taa hafifu. Nesi akanifunga ule mpira mkononi, akaupuliza, akaangalia, akaufungua, akaufunga tena upya bila kusema neno. Nesi akinyamaza, wifi, ujue kuna jambo. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyeanguka kwa presha. Nikamwambia dada yangu. Unamkumbuka dada: alianguka jikoni ameshika mwiko, na tangu pale hakusema neno mpaka tukamzika. Nesi akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni fundi cherehani, naketi kutwa nzima, kinachofanya kazi ni mguu mmoja kwenye pedeli. Akacheka kidogo, akaacha. Akasema dawa nitameza, lakini dawa peke yake haitoshi. Mwili lazima utembee kwa kasi, kila siku, mpaka jasho. "La sivyo, mama..." akasema, akageuka kuandika kwenye kadi yangu ya kliniki.

Naogopa, wifi. Nikilala nasikiliza moyo unavyopiga kama nasikiliza mwizi nje.

Basi nikasema nitatembea. Kumbe kazi si miguu, kazi ni midomo ya watu! Asubuhi ya kwanza nilitoka mikono mitupu, alfajiri, kaka yako akiwa bado kiwandani. Muuza mkaa wa pale kona akaniita, "Mama, unakwenda wapi?" Nikasema dukani. "Mbona duka halijafunguliwa?" Mbele kidogo jirani akachungulia, "Kuna msiba?" Mwanamume akikimbia barabarani anajenga afya. Mwanamke akitembea haraka bila kitu mkononi, basi kuna mgonjwa, msiba au ugomvi.

Akili ni nywele. Kesho yake nilifunga nguo za wateja kwenye shuka, nikabeba furushi begani. Hakuna aliyeuliza! Fundi anapeleka nguo. Sasa kila alfajiri naenda na furushi langu hadi kwenye tangi la maji, nalizunguka, narudi na furushi lile lile.

Kaka yako sijamwambia. Mwaka jana tulipita mahali tukamwona mwanamke anafanya mazoezi ya mbio. Nikasema, "Anakimbia vizuri." Akageuza uso kama aliyemwagiwa maji, akasema, "Wanajitafutia wenyewe," akatembea mbele yangu mpaka nyumbani. Basi nikajua hapo hapana mlango.

Wewe ndiye mkimbiaji wa ukoo huu mpaka mguu wako ulipoteguka. Nifundishe: mtu anapumuaje? Anavaa nini? Na usisingizie mguu unauma ukashindwa kujibu, kwa sababu huandiki na mguu.

Wifi yako anayetota jasho,
Fundi


27 Februari

Kwako Fundi,

Barua nimeipata. Mama wa vitambaa aliificha ndani ya jora la bitana mpaka naye akasahau ilipo. Hapa hatujambo. Wasichana wawili wana tetekuwanga, nimewatenga chumba cha mwisho. Maji yalikatika juma zima, tumeyachota kwa ndoo. Msalimie mama. Mwambie sikuweza kuja likizo, kazi ilikuwa nyingi.

Pole sana. Meza dawa kwa saa zake, usiruke hata ukijisikia mzima. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo. Usitembee na ndala, tafuta viatu vya soli laini. Anza polepole, kisha ongeza. Suruali pana ndani ya gauni itakusaidia mapaja yasichubuke. Wewe ni fundi, jishonee.

Lakini tembea mchana. Alfajiri hapana. Pita penye watu, penye maduka, penye magari. Njia ya kwenda kwenye tangi naikumbuka, ina ule ukuta mrefu upande mmoja na majani upande wa pili. Usipite hapo. Narudia, kwa sababu najua masikio yako: usipite hapo.

Hapa bwenini kuna wasichana watatu wenye miguu ya mbio. Kila siku wananiomba niwafungulie geti wakimbie barabarani kabla ya kengele. Nawaambia wazunguke uani, pale kwenye kamba za nguo. Wamenipa jina, wananiita Kufuli. Wanadhani sisikii.

Kaka sitamwambia. Nakuahidi.

Wifi yako


20 Machi

Wifi Kufuli,

Jina limekukaa! Wasichana hao wana macho. Huku tuko salama kwa kiasi. Mama yako kapata mafuta mapya ya magoti, nyumba nzima inanuka kama duka la dawa, na bado anasema mwanamke wa siku hizi hajui kukaa akatulia. Nashangaa, maana mimi nimetulia kwenye kiti cha cherehani miaka mingi, na kutulia huko ndiko kunakoniua.

Ushauri wako wa mchana nimeusikia, lakini mchana ni wa nani? Asubuhi nikishamaliza vyombo, wateja wameshafika. Mchana kaka yako amelala, cherehani naikanyaga kwa uangalifu nisimwamshe, na mama yako anataka chakula chake. Jioni nilijaribu mara moja. Vijana wa pale kwenye gereji wakaanza kunihesabia kama askari, "Kush-kulia! Kush-kulia!" Mmoja akapaza sauti, "Bibi, mchumba ameshapita!" Nilirudi nyumbani masikio yanawaka. Alfajiri ndiyo saa pekee isiyo na mwenyewe.

Nikuchekeshe kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Suruali pana nilijishonea. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaja kupima gauni, akaiona kwenye msumari, akashusha sauti: "Fundi, nishonee kama ile. Lakini iwe siri yako na yangu." Siku chache baadaye akaja mke wa mwenye duka la dawa, naye kashusha sauti, daktari kamwambia atembee, mumewe asijue, na "zaidi ya yote mwalimu mkuu asijue, atanicheka." Kisha mjane muuza sabuni, yeye anataka tu kupunguza mawazo. Kila mmoja anaamini ni yeye peke yake mjini mwenye suruali ile. Nami fundi kinywa nimekishona, maana fundi anayetoa siri za vipimo vya watu afunge duka.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mtu ananifuata.

Mara ya kwanza nilidhani ni masikio yangu. Pale kwenye ukuta mrefu nasikia hatua nyuma, si karibu, si mbali. Nikisimama, zinasimama. Nikijifanya nafunga kiatu nikachungulia chini ya kwapa, naona kivuli kinaingia kwenye majani. Mwanamume, mwili mkubwa, kofia ameshusha. Hasemi. Angetukana ningejua la kufanya. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na huyu ni kimya kabisa. Juzi nilikimbia, wifi, mimi na mwili huu, nikafika nyumbani furushi limefunguka na sketi ya mteja nimeiburuta kwenye vumbi.

Nimwambie nani? Nikimwambia kaka yako, itabidi nieleze nilikuwa nafanya nini kule. Mama yako je? Atasema si nilikwambia.

Na kitu kingine, naona aibu kuuliza. Nilikuwa natafuta blanketi kwenye sanduku la bati la kaka yako. Chini kabisa, ndani ya gazeti, nikakuta raba moja nyeupe. Moja tu, ya kushoto, ya mguu mdogo wa mwanamke. Ni ya nani? Nilimuuliza mama yako kwa mzaha. Akaomba maji ya kunywa, na glasi ya maji ilikuwa mbele yake.

Nijibu upesi.

Fundi


29 Machi

Fundi,

Nimemsimamisha mama wa vitambaa mlangoni, anasubiri niandike hii, kwa hiyo salamu nimeziruka.

Acha. Usitoke tena alfajiri. Usitoke kesho, usitoke keshokutwa. Usijaribu kumwona uso, usimsemeshe. Ruka ruka ndani ya chumba, panda na kushuka ngazi ya mlango, zunguka meza, fanya chochote, lakini kaa ndani.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Wifi yako


2 Mei

Wifi,

Salamu. Mama hajambo. Kaka yako hajambo, ingawa amekonda na macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Mimi sijambo la kusema tu.

Nilikutii. Nilikaa ndani. Nilizunguka meza mpaka mama yako akauliza kama nimepoteza sindano. Nilipanda na kushuka ngazi ya mlango, mama yako akauliza kama ninamngoja mtu. Nikaacha na hilo, nikarudi kwenye kiti changu.

Juma lililopita nilikuwa nakata kola. Mkasi ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Nikautazama mkono wangu wa kulia, upo pale, ni wangu, na vidole havisikii. Ilipita muda mfupi tu, kisha vikarudi. Nilikaa chini sakafuni kati ya vitambaa nikamwona dada yangu na mwiko wake. Nesi alipopima safari hii hakufunga mpira mara mbili. Alimwita daktari. Daktari kaongeza vidonge, kaniuliza kama natembea. Nikasema hapana. Akasema, "Basi unangoja nini?"

Ningemjibuje? Kwamba nangoja mwanamume aondoke kwenye majani?

Nimeanza tena, wifi. Usinipigie kelele. Nikikaa nakufa kwa presha, nikitoka nakufa kwa hofu, na angalau huko nje kuna hewa. Kwenye furushi nimeweka mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia makoti. Naye bado yupo. Nilipoacha kutoka nadhani alikuwa akinisubiri, maana siku ya kwanza tu niliyotoka, hatua zake zikaanza pale pale kwenye ukuta. Nazunguka tangi, narudi upesi. Kila alfajiri nafungua komeo, nalifunga, nalifungua tena.

Lakini nawe nimekukasirikia, acha niseme. Uliniamuru nikae kama unavyowaamuru mabinti zako, na sababu hukutoa. Raba nilikuuliza, ukapita kimya kama hukuisoma.

Haya, nakuuliza lingine dogo. Mguu wako ulioteguka ni upi? Jana tulikuwa tunakutaja. Mama yako akasema wa kulia. Kaka yako, aliyekuwa anafunga viatu aende kazini, akasema wa kushoto. Wakatazamana. Kisha kaka yako akaondoka bila kuaga, na mama yako akaomba maji.

Fundi


11 Juni

Wifi yangu,

Nimechelewa. Mama wa vitambaa amepita hapa mara mbili, na mara zote mbili nimemwambia bado. Wasichana wamepona. Mvua imebomoa banda la kuni. Hizo ndizo habari za hapa, sasa zimeniishia na lazima nikujibu.

Mguu wangu haukuteguka. Si wa kulia, si wa kushoto.

Nilikuwa nakimbia kila alfajiri kabla ya shule, hapo hapo, njia ya tangi. Kaka alikuwa ananifuata na baiskeli. Alilalamika kila siku kwamba namkatisha usingizi, na hakukosa hata siku moja. Siku ile alikuwa na homa. Mwili unamtetemeka na bado alitaka kuamka, nikamwambia lala. Nilipofika kwenye ukuta nikasikia hatua nyuma yangu. Nikadhani ni yeye, amepata nafuu, ameiacha baiskeli. Sikugeuka. Nilicheka hata, nikaongeza mwendo ili nimtanie.

Hakuwa yeye. Alinishika nywele akaniangusha kwenye majani. Nilimng'ata mkono nikaonja damu yake, nikachoropoka. Sijawahi kukimbia vile, si kabla, si baada. Nilifika nyumbani na kiatu kimoja.

Mama aliona gauni limechanika. Akafunga mlango. Kabla ya kuniuliza kama nimeumia, aliniuliza nani ameniona. Kisha akachukua bandeji akanifunga mguu, na mguu ulikuwa mzima. Baba akasema, "Nani alimtuma kukimbia?" Ikaisha hivyo. Majirani wakaja kunipa pole, wanashika ile bandeji, wananiambia nitapona. Nilichechemea kwa uongo muda mrefu mpaka mguu ukaanza kuuma kweli. Upi, sikumbuki. Simlaumu mama kila siku. Siku nyingine namlaumu.

Kaka hakuwahi kulitaja jambo hilo tangu pale. Raba iliyopotea ilikuwa ya kushoto. Sikujua kwamba alikwenda kuitafuta.

Hii ndiyo sababu geti langu halifunguki, na ndiyo sababu nilikwambia ukae ndani. Nilikuwa naandika na ule ukuta uko mbele yangu.

Nikuambie na jingine. Mwezi wa tatu kaka alinipigia simu. Alinong'ona. Akaniuliza kama mkewe anahama. Muuza mkaa kamwambia kila alfajiri unatoa nguo nyumbani, furushi baada ya furushi. Nikamjibu, "Mkeo hahami," nikakata, kwa sababu nilikuahidi siri. Wewe uliona furushi linakuficha. Watu waliona mwanamke anavunja nyumba kidogo kidogo. Sijui kaka alielewa nini.

Sitakuambia tena ukae ndani. Uliponiandikia habari za mkono wako, nilielewa nilikuwa nakuagiza ufe taratibu ili mimi nipumue. Nenda. Mkasi usiuache. Na ukisikia hatua, usidhani ni mtu anayekupenda. Geuka.

Wifi yako


9 Julai

Wifi yangu wa pekee,

Mama hajambo, nyumba haijaanguka, cherehani inazunguka. Nimeisoma barua yako juu ya beseni la nguo nikalia mpaka nikazisuuza mara mbili. Na utani wangu ule wa mguu! Nilikuwa nakuchoma kidonda bila kujua.

Siku kadhaa sikuweza kutoka. Nilijua sasa ukuta ule ni ukuta gani. Kisha nikapiga moyo konde, nikafunga furushi, ila mkasi safari hii sikuuweka ndani, niliushika mkononi chini ya shuka.

Hatua zikaanza. Nikasikia sauti yako: geuka. Nikageuka, wifi. Nikatupa furushi chini, nikamkimbilia yeye badala ya kumkimbia, mkasi juu, napiga kelele ambazo sikujua ninazo. Akarudi kinyumenyume akaanguka kwenye majani amekinga uso. Mkasi ulikuwa hapa, kifuani pake, nilipoona viatu. Viatu vyeupe kwa unga.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?" nikamuuliza, mume wangu wa ndoa!

Nilishindwa hata kuushusha mkono. Alinikunjua vidole kimoja kimoja mpaka mkasi ukatoka. Tukakaa kwenye mfereji kama watoto waliofukuzwa shule. Akaniambia yote. Alianza kunifuata kwa sababu ya muuza mkaa, aone ninamhamia nani. Akaona ninazunguka tangi na kurudi na furushi lile lile. Siku ya pili vivyo hivyo. Akaelewa. Kadi yangu ya kliniki alikuwa ameshaiona chini ya godoro. Basi akapatana na mwenzake kiwandani: yeye abebe magunia yote ya unga mwanzo wa zamu, mwenzake abaki kufunga tanuri, ili alfajiri awe kwenye ukuta. Ninapoingia ndani, anakwenda kukaa nyuma ya gereji mpaka saa yake ya kurudi. Hata siku zile nilizokaa ndani alikuja.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningekwambia usiende, presha ingekuua. Ningekwambia nenda, ningekaa kule roho mkononi. Mara ile nililala," akasema. Na akalia, wifi. Unga usoni ukawa uji.

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa pamoja. Nikamwambia, "Miezi yote hii daktari anaitafuta presha yangu kwenye chumvi, kumbe ni wewe! Yule mtu uliyeogopa kwamba atanivizia ndiye uliyekuwa wewe mwenyewe, hujui?" Nikamwambia akitaka kuja aje kando yangu, watu watuone, la sivyo arudi akalale. Alijaribu mara moja. Hata ukuta hatukuufikia, uchovu wa magunia na usingizi ukamzidi. Nilimwacha ameketi juu ya gunia la muuza mkaa, anapepewa.

Hapo nikajua nina shida nyingine. Alfajiri iliyofuata hapakuwa na hatua. Ukimya ule nyuma yangu ulinitisha kuliko hatua zenyewe. Nilifika nusu, nikarudi nakimbia.

Kwa hiyo nilifanya dhambi ya ufundi. Niliwaambia wale wateja watatu, kila mmoja kwa siri yake, aje kuchukua suruali alfajiri kwenye kona ya ukuta, mtu asimwone. Wakaja. Mwalimu mkuu akamkuta muuza sabuni, muuza sabuni akamkuta mke wa mwenye duka la dawa, na wote wakanigeukia mimi na furushi. Nilitukanwa, wifi, nilitukanwa na watu wenye elimu! Kisha muuza sabuni akashindwa, akaanza kucheka, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kila mmoja akachukua yake akaivaa hapo hapo, wengine wamemkinga. Furushi likaisha. Tukaenda.

Tuliporudi muuza mkaa akauliza, "Jamani, mnakwenda wapi?" Mwalimu mkuu mzima akajifanya anatazama saa yake. Jibu la swali lile bado hatujalipata.

Usidhani hofu imeondoka. Bado tukifika kwenye ukuta mazungumzo yanakufa, na kila mmoja anasikiliza. Nesi anasema presha imeshuka kidogo, lakini haniahidi kitu. Mkasi bado nabeba.

Kaka yako amesema kiatu si chake cha kuweka. Nimekishonea mfuko, nakutumia. Mama yako aliniona nakishona. Hakuomba maji. Alishika ile raba akaipangusa kwa upande wa khanga yake, akanirudishia.

Fundi


15 Agosti

Wifi yangu,

Tuko salama. Banda la kuni limejengwa upya. Mfuko umefika, na mama wa vitambaa anadai safari hii aambiwe kilichomo. Nilimwonyesha. Akauliza, "Ni cha mwanao?"

Siku zote hizi nilidhani ni kikubwa. Nilikiweka kwenye kiganja kikakaa chote. Nilikuwa mtoto, wifi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa mtoto.

Nilikiweka dirishani. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, wale watatu walikuwa tayari uani wanazunguka kamba za nguo, wanainamisha vichwa kila wakifika kwenye mashuka. Nikachukua ufunguo. Nikachukua na ndoo, maana nimesoma barua zako. Nilikosea tundu la kufuli mara mbili mpaka mlinzi akaja kunisaidia kufungua. Hajawahi kuniona nikitoka saa ile tangu aajiriwe.

"Matroni, unakwenda wapi?"

Nikaitazama ile ndoo. Nikaiweka chini.

"Siendi popote," nikamwambia. "Natembea."

Jibu hilo wapelekee wenzako, kama litawafaa.

Nilikuwa nimefika kwenye nguzo ya pili nikasikia hatua nyuma yangu, za mbio. Nikageuka. Walikuwa wale watatu, wamesimama wananitazama, hawajui kama Kufuli atawafukuza. Niliwaonyesha tu kwa mkono wapite mbele, mahali ninapoweza kuwaona, wakapita, na mimi nikawafuata.

Tulifika kwenye kona, tukarudi. Nilitapika nyuma ya banda la kuni kwa woga. Kesho yake tukaenda tena.

Likizo hii nitakuja. Mwambie kaka anipokee, na alale usiku mzima kabla. Na mama mwambie miguu inaniuma. Yote miwili, na safari hii ni kweli.

Wifi yako